Mashine Imekataa Kukamua

Nina hasira za karibu. Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa sufuria ikiwa inachemka, na kwa miaka mingi nilidhani ananisifu.

Naishi Tunduma, ng'ambo ya barabara kuu, mahali ambapo malori yanayosubiri kuvuka mpaka hupanga foleni hadi karibu na milango ya watu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Naondoka alfajiri, narudi jioni na vumbi kichwani, na maji ya bomba huja yanapojisikia. Kwa hiyo siku nilipopata mashine ya kufulia, ya mtumba, ile ya mfuniko wa juu, nilijiona nimeukata. Niliiweka koridoni karibu na pipa la maji na kuifunika kitambaa cha kufuma, kama watu wanavyofunika televisheni.

Mwaka huohuo nikamleta mama kutoka kijijini kwetu, Iyula. Baba alishatangulia, na mama mwenyewe magoti yalikuwa yamemchosha. Alishuka kwenye basi na mali zake zote ndani ya vitenge viwili vilivyofungwa mafundo. Begi nililomnunulia alikuwa ameliacha nyumbani, ametia mbegu za mahindi.

Mama hakujua kukaa bure. Kwangu hakukuwa na mibuni ya kupalilia wala kuni za kuokota, akaomba angalau afue. Nilimfundisha jioni moja, harakaharaka: nguo humu, maji hadi hapa, sabuni ya unga, funika, bonyeza hiki. Alisikiliza ameweka mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Wiki ya kwanza nilirudi nikakuta nguo zimeanikwa zinachuruzika.

"Imekataa, mwanangu," akasema huku anajifuta mikono. "Kufua imefua vizuri, ila kukamua imekataa. Inagonga, inagonga, halafu inanyamaza. Nimekamua mwenyewe."

"Mashine haikatai, mama. Si ng'ombe hiyo."

Tukacheka wote wawili. Wiki ya pili ikawa vilevile, na ya tatu, na mimi nikaacha kucheka. Jambo lililonichoma ni kwamba nikifua mwenyewe Jumapili, mashine inakamua bila shida yoyote.

Nikamwita fundi, mtu mzima anayetengeneza mafriji karibu na stendi. Alimwamkia mama kwa heshima zote, akapewa chai, kisha akaanza kazi. Aliangalia umeme. Akavuta mashine mbele kuona kama bomba la maji machafu limejikunja, halikuwa limejikunja. Akafungua chujio, akatoa kibanio cha nywele na kifungo. Akabonyeza mfuniko mara kadhaa akisikiliza kama unalia pale unaposhika. Akailaza ubavu kuona mkanda, na mkanda ulikuwa mzima. Mwisho akatumbukiza mashuka yangu mawili na tambara la kudekia, na ikazunguka mpaka beseni lililokuwa karibu likatetemeka.

"Dada, hii nzima kabisa," akasema. "Labda mnapofua, mzigo unaegemea upande mmoja. Ikisikia hivyo inajizuia yenyewe. Kwani nguo mnaziwekaje?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kikombe mkononi. Anayefua ni yeye, na swali lilikuwa lake. Nikajibu mimi: "Tunatumbukiza tu, fundi, kama watu wote." Mama alifungua kinywa, akaniangalia, akakifunga. Nilimwona. Nilikuwa na haraka ya kurudi ofisini.

Siku moja, wakati wa mvua za mwisho, nilirudi nyumbani nimetukanwa na bosi kwa makosa kwenye karatasi za mteja. Nikakuta sare yangu ya kesho inachuruzika koridoni. Mikono ya blauzi ilikuwa imekunjamana kwenye ncha, jambo ambalo wiki zote hizo nilikuwa naisingizia pasi.

"Mama, kwangu inakamua, kwa fundi inakamua, kwako tu ndiyo inakataa. Unaifanya nini? Basi usiiguse tena. Utaniharibia kitu changu."

"Sawa, mwanangu," akasema.

Hakubisha. Afadhali angebisha, maana tungegombana yakaisha. Wiki mbili baadaye akasema kahawa inakaribia kuiva na hakuna wa kusaidia kuchuma. Kwa magoti yale. Nilijua si kahawa, na bado nilimpeleka stendi. Nitasema ukweli: basi lilipoondoka nilipumua. Nyumba ilirudi kuwa yangu.

Siku moja kwenye simu, baada ya kuulizana habari za baridi na za ndugu, akaniuliza, "Na mashine inaendelea vizuri?"

"Vizuri, mama. Inakamua."

"Nashukuru. Basi ilikuwa ni mimi."

Ningeweza kusema neno. Nilimwambia kuna mteja ananisubiri.

Alifariki kabla baridi haijaisha. Alilala, hakuamka. Tulimzika kando ya baba, karibu na mibuni, na baada ya mazishi mama mdogo, mdogo wake, akanitolea furushi kutoka nyuma ya mlango wa chumba cha mama. Zilikuwa nguo alizoziandaa kwenda kufua. Kwetu nguo za marehemu hazigawiwi chafu, na anayezifua ni binti mkubwa. Kwa kuwa likizo ilikuwa imeisha, nilibeba furushi hadi Tunduma, nizirudishe siku ya kugawa.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, nilipolifungua koridoni, nikakuta nguo zimefungwa moja kwa nyingine. Pindo la kitenge limefungwa kwenye mkono wa blauzi, blauzi kwenye gauni, gauni kwenye kitenge kingine. Mafundo yale aliyafunga kwa vidole vyake. Sikuweza kuyafungua. Nikazitumbukiza zilivyo, nikajaza maji, nikabonyeza.

Ilifua vizuri. Ilipofika kukamua ikagonga, ikagonga, ikanyamaza.

Nikaanza upya. Ikanyamaza. Nikafanya kama fundi alivyofanya: nikaangalia umeme, nikavuta mashine kuona bomba, nikasafisha chujio, nikabonyeza mfuniko. Kisha nikafungua na kuchungulia. Nguo zote zilikuwa donge moja zito, limejibana upande mmoja.

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji.

Tulipokuwa wadogo mama alifulia mtoni. Siku moja mvua ilinyesha huko juu, maji yakaja ghafla yakachukua shati la shule la kaka yangu, na ndilo pekee alilokuwa nalo. Mama alikimbia ukingoni akilifuata hadi likapotea. Tangu siku hiyo hakuweka nguo iliyo peke yake ndani ya maji. Alizifunga zetu kwenye zake, fundo kwa fundo, na ncha ya mwisho akaikanyaga kwa mguu. "Zikishikana hazipotei," alikuwa akisema. Tulikwenda shule na nguo zilizokunjamana ncha, na watoto wenzetu walitucheka.

Kwa hiyo kila wiki alifunga nguo zangu na zake, akaziweka kwenye mashine yangu. Ilipokataa alizitoa, akafungua mafundo, akakamua kwa mikono yake, akaanika. Fundi, mtu baki, aliuliza swali lililotakiwa. Mimi nililiziba kwa jibu langu. Ningesema tu, mama, hebu nionyeshe unavyofanya, tungecheka mpaka machozi, na angekaa. Nilimfukuza mama yangu nyumbani kwangu kwa sababu sikutaka kuuliza. Nililia kwa sauti hadi jirani akaja kubisha hodi.

Nilipozitoa nikaona kilichokuwa katikati ya donge. Ni sweta langu la shule, limetoboka viwiko, alilokuwa akivaa shambani. Lilikuwa limefungwa kwa mafundo mawili, kila mkono kwenye kitenge kimoja. Nilizikamua kwa mkono, moja moja, bila kufungua kitu, hadi viganja vikaniuma.

Siku ya kugawa, kulikuwa na ukungu Iyula, na ndugu walikuwa wameketi kwenye mikeka. Mama mdogo alipokea furushi, akaligusa, akaanza kuhangaika na fundo la kwanza. Lilikuwa limekaza kwa maji.

"Mbona hazijakauka, mwanangu?" akauliza. "Na mashine unayo."

Watu wote wakaniangalia.

"Imekataa, mama mdogo," nikamwambia. "Kufua imefua vizuri. Ila kukamua imekataa."