Mwanne Amkatalia Bintiye Muhuri wa Staji

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Katika karakana yake, Mwanne ameinama juu ya mota ya pampu iliyoungua, midomo inamchezacheza. Anahesabu mizunguko ya waya wa shaba kabla ya kuung'oa, maana akipoteza hesabu hataweza kuisuka upya.

Ana miaka hamsini na mmoja. Aliishia darasa la sita. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe. Kwa wiki hupata mota nne au tano, na kwa hizo amemsomesha binti yake, Houda, miaka minne ya uhandisi wa umeme katika chuo kimoja cha binafsi.

Wiki hii hawasikilizani. Houda alileta karatasi ya staji, ile inayosema mwanafunzi amefanya mazoezi kazini miezi mitatu. Isipofika chuoni leo saa tisa ikiwa na muhuri wa karakana, hahitimu mwaka huu. Mazoezi yenyewe hakuyafanya. Wenzake, anasema, wamegongewa muhuri na wajomba zao.

"Mama, ni karatasi tu," alimwambia.

"Na ya Gélase ilikuwa karatasi tu."

Gélase ni mtoto wa jirani. Mwaka juzi Mwanne alimwonea huruma, akamgongea bila kumfundisha kitu. Mwezi wa kwanza kazini, kijana alifungua mota ambayo umeme wake haujakatwa. Mkono wake wa kulia haushiki tena hata kijiko.

"Mi ndiye niliyesaini," anasema Mwanne. "Mama yake ananisalimia vizuri kila siku. Afadhali angenitukana."

Ndiyo maana alimpa Houda sharti: asuke mota moja, izunguke, ndipo apate muhuri. Jumatatu Houda alikatakata waya wote wa zamani kwa dakika kumi, kisha akafungua daftari apige hesabu. Fomula ilitaka namba za kwenye kibati cha mota, na kibati kilishafutika. Idadi ya mizunguko ilikuwa kwenye ule waya aliokwisha kuutupa guniani.

"Injinia wangu," mama alimwambia, "umezika mgonjwa kabla ya kumuuliza anaumwa wapi."

Houda alinuna, lakini kesho yake akarudi. Mota ya pili ilinguruma, ikatoa moshi. Leo yuko kwenye ya tatu, vidole vimechanika. Mashangazi wamekuja kumwombea muhuri, wakisema ni aibu asipohitimu. Mwanne amewajibu kwamba anayeona aibu aende kwanza kwa Gélase, amsaidie kufunga vifungo vya shati.

Saa tisa inapita. Mwanne anamtazama binti yake kwa pembeni, kama mtu anayengoja kulaumiwa.

"Joho nitavaa mwaka kesho," Houda anasema bila kuinua kichwa. "Nipe mkasi."

Mama anampa, anageuka upande na kujifuta macho na pembe ya kitenge.

Kuanzia Januari, Mwanne atapokea wanafunzi watatu tu, kwa miezi mitatu kamili, na anataka watahiniwe hapohapo karakanani. Ameshatuma ujumbe kwa walimu wa chuo.

"Waje na viti vyao," anasema. "Mi nina kigoda kimoja, na Houda amekikalia."