Anayesikia kwa Macho

Yule binti wa chumba cha kompyuta hatoki jasho. Mimi miaka ishirini na mbili natafuta mabomba yanayovuja kwa kutega sikio kwenye fimbo ya chuma, magoti yamezama kwenye matope. Yeye anakaa tu, kandambili moja imening'inia kidoleni, chai inapoa, anafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio kama anayempangusa mtoto kamasi. Vifaa vilivyofungwa kwenye mabomba vinamletea habari hapohapo kitini. Mstari kwenye kioo ukishuka, anagonga meza kwa ukucha mara mbili na kusema kwa sauti ya kunong'ona, "Hapa." Tukichimba, maji! Wakubwa wanamsifu. Mimi roho inaniuma, sifichi.

Jumatano aligonga meza. Akasubiri wenzangu watoke, akanifuata mlangoni. "Shikamoo, baba. Bomba la uani kwako linavuja tangu Jumapili." "Marahaba. Kwangu mimi? Ningesikia!" Nikaenda mbio, nikasimika fimbo, nikatega sikio. Kimya. Nikacheka peke yangu: leo kaumbuka! Nikachimba ili nimpelekee udongo mkavu auone. Maji yakanirukia usoni. Nikatega sikio tena, huku yanabubujika mbele ya macho yangu. Kimya kilekile. Kesho yake nilimkuta anafuta kioo. Hakusema mganga hajigangi. Angesema, ningemchukia vizuri. Alisogea tu karibu na sikio langu, akapaza sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Baba, umelipata?"