Jina Alilolitoa Kaka Hamadi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje kidogo ya Gando, watu walisema mwenye sheitani akipigwa hasikii maumivu. Mwili ni wake, walisema, lakini anayeumia ni yule aliyempanda. Sikumbuki nani alinifundisha. Nilijua hivyo kama nilivyojua kwamba moto unaunguza, na siku ya kwanza nilipomwona kaka yangu akipigwa sikulia, kwa sababu niliamini kwamba hayupo.

Kaka Hamadi alikuwa na miaka ishirini, mimi tisa. Alikuwa mchumaji hodari wa karafuu. Jioni tukikaa kwenye jamvi kuchambua, yeye ndiye aliyetupa hadithi za kutuzuia tusisinzie. Alitunga jini wa kike, Binti Makonyo, ambaye chakula chake ni makonyo tu, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishatolewa. "Karafuu zenyewe hagusi," alikuwa akisema Kaka. "Anaogopa serikali, ndiyo yenye karafuu." Mimi nilicheka mpaka mama akanikaripia.

Msimu ule aliougua, alishuka mkarafuuni saa nne ya asubuhi na pakacha tupu. Akasema juu kule watu wanamsema. Baba akamuuliza watu gani, mbona mti mzima yuko peke yake. Kaka akaelekeza kidole juu mtini. Tangu siku hiyo hakulala. Alizunguka nyumba akijibizana na watu tusiowaona, akaacha kuoga, akakataa chakula cha mama akidai kina kitu ndani. Wiki ya tatu baba alipomshika mkono amwingize ndani, Kaka aliokota mchi wa kinu akampiga nao baba begani. Nilisikia mlio wa mfupa. Baba alianguka juu ya majamvi, karafuu zikatapakaa uani. Majirani wakaja mbio, wakamfunga Kaka kwa kamba ileile aliyokuwa akiitumia kuvutia matawi.

Siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Waliogopa. Hata mimi nilimwogopa.

Fundi wa kupunga majini aliletwa kesho yake baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mzee mpole, kanzu yake safi, na alitusalimia watoto mmoja mmoja. Alivukiza ubani, kisha akatoa henzirani, fimbo yake nyembamba. Jirani yetu Makame alimshika Kaka miguu, wanaume wengine wawili wakamshika mikono.

"Nani wewe?" fundi aliuliza.

"Mimi Hamadi."

"Muongo. Hamadi hayupo." Akampiga.

"Mimi Hamadi, mzee wangu, mimi Hamadi!"

"Nakuuliza nani wewe, na kwa kijana wa watu unataka nini?"

Ndivyo ilivyokuwa mpaka kanzu ya Kaka ikapasuka mgongoni, na ngozi nayo ikapasuka. Kila alipotaja jina lake alipigwa kwa kusema uongo. Shangazi Mize, dada yake baba, alikuwa amekaa mlangoni na wanawake wenzake.

"Sheitani mbishi huyu," alisema. "Utasema kazaliwa Wete, kwa wabishi wenzake."

Wanawake wakacheka. Nami nilicheka, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Kisha Kaka akapiga ukelele na kusema, "Binti Makonyo! Mimi Binti Makonyo! Niacheni, basi, nshasema!"

Vigelegele vikapigwa. Fundi akaiweka henzirani chini. "Keshanena," alimwambia baba. Shangazi akasimama. "Si niliwaambia? Mtoto kashuka mkarafuuni na maradhi yake. Jini wa makonyo, limetimia hilo!" Mama alikwenda kuleta maji.

Pale ingekwisha. Fundi angetaja anachotaka huyo jini, angepewa, angeondoka, na Kaka angelala na mgongo wake uliochanika. Lakini mimi nililijua jina lile. Kama jina ni la Kaka, basi anayesema ni Kaka, na kama anayesema ni Kaka, anayepigwa ni nani? Nikajipenyeza katikati ya watu.

"Si sheitani," nilisema. "Ni Kaka. Jina hilo kalitunga mwenyewe, tukichambua karafuu."

Fundi aliinama, akanishika bega kwa upole.

"Lini hiyo, mwanangu?"

"Mwaka juzi."

Akainuka, akamgeukia baba. "Umesikia? Mwaka juzi. Yumo humu nyumbani miaka miwili, yuajitangaza kwa watoto, na nyinyi hamna habari. Huyu ana mizizi. Hatoki kwa siku moja."

Baba alikuwa ameketi na bega lake limefungwa kitambaa. Alinitazama, akamtazama Kaka. "Endelea, fundi," alisema.

Walimpiga siku tatu. Siku ya pili mkono wake wa kushoto ulivunjika wakimgeuza, na safari hii nilipousikia mlio nilijua ni wa nani. Aliinua uso akaniona. "Asha, waambie," alisema. Nilikuwa nimeshawaambia. Siku ya tatu hakujibu chochote, hata henzirani ilipomwangukia shingoni, na ule ukimya wakauita kupona.

Baada ya wiki chache maneno yalianza tena. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupiga tena, wala ya kumwogopa kila siku, kwa hiyo alijengewa kibanda nyuma ya nyumba na kufungwa mnyororo mguuni. Mkono ulijiunga vibaya. Mimi nilikua, nikaolewa Mtambile, nikazaa. Nilipokuja kutembea nilimpelekea chakula, na mara nyingi hakunitambua. Baba alifariki, kisha mama, na hapo nikarudi na watoto wangu kumtunza.

Muuguzi mmoja wa afya ya akili alikuwa akizunguka vijijini. Bi Salma tutamwita. Alikuja akakaa chini, mbele ya kibanda, akamsalimia Kaka kwa jina lake. Akamuuliza analala vipi. Sauti anazosikia ni za wanaume au wanawake, na zinasema nini. Nilisimama nyuma yake na sahani mkononi, nikagundua kwamba tangu niwe na miaka tisa sijasikia mtu akimuuliza mambo hayo na kungoja jawabu. Alikuja mara tatu kabla ya kuniambia hospitali itamwanzishia nini.

Niliogopa dawa. Nilikwenda kwa shehe wetu, nikamuuliza kama nikikubali nitakuwa nimepunguza imani. "Bi Asha," aliniambia, "tumeamrishwa tujitibu. Wewe msomee, na dawa mpe. Lipi linalomzuia mwenzake?" Majini ninawaamini, kwa sababu Qur'ani imewataja. Lakini nimejifunza kuogopa mtu anayejua jawabu kabla hajauliza.

Ilikuwa sindano kila mwezi. Mwanzo alitetemeka mikono, wakabadilisha kipimo. Mwezi wa tano, mnyororo tumeshamfungua, aliniomba wembe anyoe ndevu. Mwezi wa saba alikwenda sala ya Ijumaa kwa miguu yake. Sauti hazikuisha zote. Alisema zimekuwa kama watu wanaoongea nyumba ya jirani. Tuliishi naye hivyo miaka sita, akicheza na wanangu, akikosana nami juu ya chumvi ya mchuzi.

Siku moja nilimwomba radhi kwa neno nililolisema uani. "Wewe peke yako ndiye uliyesema ni mimi," alijibu, akaomba chai.

Alifariki Ramadhani iliyopita kwa homa ya mapafu. Makame, mzee sasa, alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alitoka akakaa kwenye kibaraza, mikono bado imelowa, akashindwa kuniangalia. "Mgongo ule, Bi Asha," alisema.

Mwezi uliopita alikuja msichana wa utafiti na fomu zake. Wanauliza jamaa za wagonjwa: dalili zilianza lini, nani aliyatambua maradhi, tiba gani ilitangulia, hospitali walifika baada ya muda gani. Nilimhesabia: miaka kumi na tisa. Kwenye tiba ya kwanza alitia alama mahali palipoandikwa mganga wa kienyeji. Nikamwambia aandike kwamba mgonjwa alisikia maumivu.

"Hilo halina nafasi kwenye fomu, mama."

"Liandike pembeni," nilimwambia.

Alinitazama, akaona siinuki. Akaigeuza karatasi yake upande, akaandika, kisha nikamwomba anisomee.