Moyo wa Pili Ndani ya Suruali

Tako langu la kulia lilikuwa linadunda.

Cheka, ruksa. Hata hapa Izigo walicheka. Si mimi niliyewaambia kiboko alinikimbiza kisiwa kizima cha Goziba, mkononi nina sufuria ya uji, na halikumwagika tone?

Mdogo wangu Clavery ndiye shahidi wangu. Mimi nadanganya, yeye anaapa. Miaka arobaini.

Uvimbe ukafika ukubwa wa ngumi, kukaa siwezi. Nikapigwa picha Muleba, nikampa Clavery aipeleke kwa daktari bingwa Bukoba.

Akarudi. "Kaka, jipu tu. Kyaruzi, yule mganga wa Kimwani, atalipasua Jumamosi."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nikaamini. Si ndiye shahidi wangu?

Jumamosi nimelala kifudifudi, Kyaruzi kashika wembe. Mke wangu Benigna alikuwa anatafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Akaweka punje moja juu ya uvimbe.

Ikaruka.

Akaweka nyingine. Ikaruka!

"Mawe, mama yangu! Kyaruzi, wembe chini! Jipu gani linacheza ngoma?"

"Shemeji, unamchelewesha mgonjwa," Clavery akasema.

"Nyamaza wewe!"

Nilifika Bukoba nimelala nyuma ya pikapu kama mkungu wa ndizi.

Bingwa akaeleza. Mtoto akiwa tumboni, kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni kupitia takoni. Kabla hajazaliwa, husinyaa. Wangu uligoma kusinyaa, na uzeeni ukavimba kama puto.

Wakachukua kipande cha mshipa wa mguu wa kushoto, wakaunga njia mpya ya damu kutoka kinenani hadi nyuma ya goti. Puto wakalifunga juu na chini. Mguu ukapona.

Siku ya kutolewa nyuzi, bingwa akaniuliza, "Mzee, mlichelewa wapi? Mdogo wako nilimwonya: wembe ukigusa hapo, umekufa."

Mimi na Benigna hatukujaliwa mtoto. Nikifa, kibanja cha ukoo, shamba letu la migomba, ni cha Clavery.

"Daktari alikuambia nini?" nilimuuliza Clavery nilipofika nyumbani.

"Nilisahau, kaka."

Nikaenda kwenye kaburi la baba. Pembeni yake migomba minne imekatwa, pamesafishwa, urefu wa mtu. Visiki vilishaoza. Migomba ilikatwa kabla ya ile Jumamosi.

Ndugu yangu, majibu yako ya hospitali yafuate mwenyewe, hata kwa kutambaa.

Hiki ndicho kisa changu pekee cha kweli. Nikikisimulia, wanacheka.

Shahidi sina tena.