Siku Ambayo Sikutazama Maji

Mwezi uliopita nilirudi Munje kufungua nyumba ya marehemu bibi, nikasikia injini ya boti ikiunguruma ufukweni huku ikitema maji. Nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi, ndugu yangu, nikamkumbuka baba.

Mama alifariki nikiwa mchanga. Baba alikuwa akitunza boti ya matanga ya mzee mmoja mgeni, na siku zisizo za shule alinichukua kazini. Injini ya boti hiyo ilipozwa kwa maji ya bahari. Baba alifungua chujio, akatoa mwani na mchanga, akaupapasa mpira wa pampu ya kuvuta maji kuona kama umekatika. Mikono yake ilinuka dizeli hata tulipokula muhogo wa nazi. Kisha aliwasha injini, nami nikainama nyuma kutazama kama maji yanatoka kwenye bomba la moshi. Yasipotoka, aliniambia, injini itachemka mpaka ife.

Asubuhi moja, mwenye boti akiwa ameshaketi, niliwaona wasichana wa darasa langu wakicheza mchangani. Hawakuwa wakiniita kamwe. Macho yakanikwama huko.

"Maji yanatoka?" baba aliuliza.

"Yanatoka, baba."

Sikuwa nimetazama. Tulipokaribia mwamba mvuke ulifuka, injini ikazimika. Baba alitweka tanga akaturudisha salama, lakini injini ilikuwa imeharibika kabisa. Mwenye boti alipotaka kujua nani amekosea, baba alijibu kuwa ni yeye. Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo.

Alipata kibarua Samburu, mbali na bahari, kuziba rejeta za malori zilizovuja maji kando ya barabara kuu. Mimi nikabaki kwa bibi. Alikuja Idi kwa Idi; nilimwamkia shikamoo, kisha nikamkimbilia bibi jikoni.

Nilimwambia ukweli nikiwa mtu mzima, yeye mgonjwa kitandani.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa mtoto. Kazi ya kutazama ilikuwa yangu."

Nilitaka kumuuliza kwa nini basi alikaa mbali miaka yote ile, lakini alikuwa amechoka, nikamfunika shuka. Wiki ile ile akafariki.

Boti za matanga hazitii nanga tena Munje. Jirani aliyekuwa akinipa mahamri amehamia Ukunda kwa mwanawe. Nilifagia ukumbi wa bibi, nikakaa hadi adhana ya adhuhuri, kisha nikaondoka, nikiwa sina mtu wa kumuaga.