Meneja Alivyomvua Shangazi Sare

Aibu hii nimekaa nayo tangu sendofu ya mdogo wangu Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na leo naisimulia mwenyewe kwa sababu video inazunguka kwenye magrupu ya ukoo na kila mtu anaongeza chumvi yake, bora mnisikie mie niliyeipika.

Mie ni karani wa shule, nakaa kwa mama yangu, huko Kipawa. Wiki kadhaa kabla ya sherehe nilichukua kitoto cha mbwa, nikakiita Meneja kwa sababu kilikuwa na kitambi na hakikuwa na kazi. Bwana mifugo alinishauri nisubiri kifikishe wiki nane, maana watoto wa mbwa wakiwa pamoja, mmoja akiuma kwa nguvu mwenzie analia, ndivyo wanavyojifunza kuuma kwa adabu. Nikaona huyu mzee anajua ng'ombe tu. Nikamchukua wa wiki tano, ili anizoee mie kabla ya mtu mwingine yeyote (wivu huo ninao hata kwa binadamu, na umeshanikimbizia wachumba wawili).

Akawa analia mfululizo. Bwana mifugo akasema nimpe nguo yenye harufu yangu, na hapo ndipo nilipojikaanga, kwa sababu nguo iliyokuwa karibu ni kipande cha kitenge cha sare ya sendofu, cha njano chenye tausi wa bluu, kilichobaki kwa fundi nikawa najifunga kichwani nikipika. Nikampa, akanyamaza. Kesho yake tukaanza mchezo: nakitikisa, anakidaka, tunavutana, halafu namwachia na kumwambia "lete kwa mama," naye anakileta mpaka miguuni pangu, anakaa, anapewa dagaa. Hadi sherehe inafika alikuwa fundi, na mie nilivimba kichwa kama mzazi wa mtoto wa kwanza darasani.

Mama hakuvutiwa. Sherehe ilikuwa uani kwetu, na siku ile asubuhi aliniambia huku akikatakata vitunguu, bila kuniangalia, "Suzi, wakwe wakimwona huyo mbwa, uhame naye." Nikaahidi kumpeleka kwa shoga yangu Mwananyamala. Sikumpeleka, maana hajawahi kulala wala kushinda kwa watu, nikamfungia chumbani kwangu.

Sasa kuna shangazi Ester wa Dodoma, ndiye mkuu wa heshima katika ukoo wetu. Basi lake lilichelewa, fundi hakuwahi kumshonea, kwa hiyo alijifunga kitenge chake hivyohivyo kiunoni, ncha ikining'inia nyuma. Mchungaji alipoanza kuomba, Meneja naye akaanza kulia chumbani. Nikakimbia kumbembeleza, nikatoka mbio kuwahi amina, na mlango sikuubana vizuri.

Emsii akawakaribisha kina mama wa upande wetu. Wakaingia wakicheza, wanawake kumi na watano, wote tausi.

Jamani, mjiweke kwenye nafasi ya Meneja. Maisha yake yote kitambaa hicho kilikuwa kimoja, maana yake mama na dagaa, leo anatokeza uani anakuta dunia nzima imekivaa. Alisimama katikati ya zulia, mkia unapiga huku na huku, hajui aanze na nani, mwisho akachagua ncha iliyokuwa inatikisika kuliko zote. Shangazi alisikia watu wanapiga kelele, akadhani anashangiliwa, akaongeza kiuno. Alivyozidi kutikisa, Meneja akazidi kuvuta, na hakuna ndugu aliyewahi kumfundisha kwamba kuna wakati wa kuachia. Kitenge kikaja chote. Ndani, shangazi alikuwa amevaa bukta ya mpira ya mumewe, namba tisa pajani.

Emsii, badala ya kuzima maiki, akamwomba mwenye mbwa ajitokeze. Mie nilikuwa nimeshika trei ya soda mbele ya mama mkwe wa Neema, naye akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu mbwa ni wenu?"

"Hapana, mama. Wala simjui. Wa mtaani huyo."

Meneja akasikia sauti yangu. Akaja akiburuta kitenge, akampita mchungaji, akaipita keki, akakiweka miguuni pangu. Akakaa. Akanitazama usoni, anasubiri dagaa.

Mama mkwe akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yake, akanipa mkononi. "Mpe haki yake," akasema, "kazi kaimaliza." Ndipo watu wakacheka, Neema akiwa wa kwanza, na kwa kuwa mkwe kacheka mama hakuweza kunihamisha, ila masufuria yote ya shughuli niliyasugua peke yangu. Shangazi hadi leo hapokei simu yangu.

Sitamtoa tena mtoto kwa mama yake kabla ya siku zake, hilo nimeapa. Linaloniuma zaidi ni lile jicho la Meneja, maana nilimkana mbele za watu naye akanichagua palepale. Harusi ni mwezi ujao, sare ni ya zambarau, na kipande kilichobaki kwa fundi nimekichoma mwenyewe jikoni, Meneja akiwa amekaa pembeni, anasubiri nimtikisie.