Fuksia ya Mzee Nicanor Yaenda Kazini

Nicanor Oloo alikuwa msimamizi wa makuli bandarini Kilindini, na watu wengi waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Akisimama gatini kumwita mtu aliye chini kabisa tumboni mwa meli, mtu huyo alisikia, na wa meli ya pili wakasikia pia, wakaacha kazi wakidhani wanaitwa wao. Lakini akifika nyumbani Buxton, sauti hiyo aliivulia mlangoni pamoja na viatu. Mkewe, Zilpah, aliwaambia majirani kwamba amezaa na mtu huyu watoto wanne na bado kelele zake anazijua kwa kusimuliwa tu.

Jambo jingine lililojulikana kumhusu ni kupenda haki. Alikuwa refa wa mechi za makuli mpaka magoti yalipomkatalia, na aliwahi kumtoa uwanjani kwa kadi nyekundu ndugu yake wa tumbo moja, kisha jioni wakala sahani moja. Kwa hiyo mwaka wa 1996, Chama cha Bustani cha Kisiwani kilipotafuta mtu wa kusimamia majaribio ya maua, hakuna aliyetajwa ila yeye. Maua yenyewe hakuyajua sana. Alikuwa amejiunga na chama kwa sababu Zilpah alitaka apate pa kwenda Jumamosi.

Chama kilikuwa kimepewa kipande cha ardhi kando ya barabara ya Mama Ngina, pale watu wanapokwenda jioni kupunga upepo na kula mihogo ya kukaanga, ili kikipambe. Wanachama walikubaliana kwamba wapande vichaka vya maua, vifupi, vya rangi kali, kwa safu. Hawakukubaliana ni vichaka gani. Kuna aliyetaka krotoni kwa majani yake ya manjano na mekundu, kuna aliyetaka iksora kwa vishada vyake vyekundu, kuna aliyetaka lantana, ambayo wenzake waliiita gugu mbele ya uso wake. Bi Shukri wa Mji wa Kale alitaka koliasi, ile ya majani laini ya zambarau yenye ukingo wa kijani, na Bi Shukri akitaka jambo, mkutano haukwisha mapema.

Mwenyekiti, Mwalimu Naomi, Mtaita aliyefundisha sayansi katika shule ya upili, aliwaacha wakabishana mpaka chai ikapoa. Kisha akasema maua yapimwe. Aina zote zipandwe mahali pawili: ardhini mbele ya nyumba ya Nicanor, na ndani ya madebe juu ya dari ya Bi Shukri, ambako upepo wa chumvi hupiga kama ule wa Mama Ngina. Zipate mbolea sawa na maji sawa, kopo moja la mafuta ya Kimbo asubuhi na jingine jioni. Hakuna kuzifunika, hakuna kuzihamisha. Mwezi wa Agosti kamati itapita kuangalia ipi imestahimili.

Aina ya mwisho Mwalimu Naomi aliileta mwenyewe kutoka Limuru alikokwenda kumtazama dada yake, miche miwili iliyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa. Iliitwa fuksia. Aliwaonya kwamba hili ni ua la baridi na huenda Mombasa isilitake, lakini heri watu wajionee.

Nicanor alilima tuta mbele ya nyumba, akalinyoosha kwa kamba, akapanda. Akawatangazia majirani kwamba hapa hakuna ndugu wala rafiki, kila mche utapata haki yake. Na kwa wiki za mwanzo ilikuwa hivyo kweli. Alimwagilia kwa kopo akiliinua machoni kwanza kuona kama limejaa sawa na la kabla yake. Mvua ikinyesha hakumwagilia, na ikinyesha kidogo, alisimama mlangoni akijadiliana na Zilpah kama ile ilikuwa mvua au manyunyu.

Mambo yaliharibika siku fuksia ilipotoa ua. Lilining'inia kichwa chini kama hereni, sketi nyekundu kwa juu, gauni la zambarau ndani yake, na nyuzi ndefu zikitoka chini. Nicanor alirudi kazini, akaliona, akaketi juu ya jiwe bila kuvua kofia ya chuma. Zilpah alimletea chai. Alipotoka tena, chai ilikuwa pale pale na mume alikuwa pale pale.

"Baba Arnold," akamwambia, "hata mimi siku ya harusi hukunitazama hivi."

Nicanor akajibu kwamba siku ya harusi alikuwa na woga.

Fuksia ya Bi Shukri, kule juu ya dari, ilikuwa imekwisha kufa kwa chumvi. Ya Nicanor ikawa ndiyo pekee iliyobaki kisiwani, na jambo hilo lilimwingia kichwani. Masika yalipokwisha na jua likarudi, majani yake yalianza kujikunja na matumba yakadondoka kabla ya kufunguka. Krotoni ilikuwa ikimetameta. Iksora ilikuwa ikikua. Lantana ilikuwa imetapakaa hadi njiani na kumkwaruza kila aliyepita. Nicanor hakuiona hata moja.

Kanuni zilisema hakuna kufunika. Hazikusema mtu asisimame. Basi siku zake za mapumziko, saa za jua kali, Nicanor alikuwa akisimama mbele ya fuksia akisoma gazeti, na kivuli chake kikiangukia pale kinapotakiwa. Jua likihama, naye alihama. Majirani wa Buxton walidhani amekosana na mkewe. Jirani mmoja alimjia Zilpah kwa upole na kumwambia kwamba ndoa ni kuvumiliana, amruhusu mzee aingie ndani.

Lakini siku za kazi kivuli kilikwenda bandarini pamoja na mwenyewe, na ua likaungua. Wiki moja kabla ya kamati kupita, Nicanor alifanya jambo ambalo angemtolea mtu mwingine kadi nyekundu. Aling'oa fuksia na udongo wake, akaiweka ndani ya kopo kubwa la rangi, akaitia kwenye mfuko wa chakula, akaifunika kwa kitambaa, akaenda nayo kazini.

Ofisi ya wasimamizi ilikuwa na kiyoyozi kilichokataa kupunguzwa. Wenye kukaa humo walivaa masweta mwaka mzima, na karani mmoja alifunga skafu. Nicanor aliiweka fuksia juu ya kabati, mbele ya ule ubaridi, na kufikia mchana majani yalikuwa yamenyooka. Jioni akairudisha tutani kabla ya Zilpah kutoka jikoni. Kesho yake akaenda nayo tena. Iliendelea hivyo siku kadhaa, ua likienda kazini na kurudi, na tumba jipya likaanza kuvimba.

Ijumaa, siku moja kabla ya kamati kuja, langoni palikuwa na askari mpya, kijana wa Kaloleni aliyeitwa Ngumbao. Alimsimamisha Nicanor akiwa anatoka na akaomba kwa adabu kuona mfuko.

"Mzee, hii mali inayotoka bandarini ina karatasi yake?"

Nicanor alimweleza kwamba haikutoka bandarini, aliingia nayo asubuhi. Ngumbao akauliza nani alimwona akiingia nayo. Nicanor akafikiri. Hakuna aliyemwona, kwa sababu alikuwa ameificha. Ngumbao akauliza kwa nini mtu afiche kitu ambacho ni chake. Hapo Nicanor akageuka kuitazama foleni ya makuli wanaotaka kwenda nyumbani, ambao kwa miaka mingi waliulizwa maswali na yeye.

Akajaribu njia nyingine. Akasema huu ni mmea tu. Ngumbao akasema hilo ndilo baya zaidi, kwa kuwa mmea ukionekana bandarini lazima utazamwe na mtu wa kilimo, pengine umeshuka melini na wadudu wa ng'ambo, na mtu wa kilimo ameshaondoka, atarudi Jumatatu.

"Kijana, wanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Ni wewe uliyetufundisha wiki ya kwanza. Ulisema hata ufagio usitoke bila karatasi, hata ukibebwa na wewe mwenyewe."

Makuli nyuma walikohoa wote kwa pamoja. Nicanor aliukabidhi mmea, akamwomba Ngumbao asiuweke juani, akaenda zake na mfuko mtupu. Waliokuwapo wanasema njia nzima kutoka langoni hakumsalimu mtu.

Kesho yake kamati ilianzia Mji wa Kale. Walipanda ngazi za Bi Shukri wakihema mpaka darini, na Mwalimu Naomi akapita kwenye madebe moja baada ya jingine. Iksora ilikuwa imekauka ncha kwa chumvi. Krotoni ilikuwa nzima. Lantana ilikuwa imejaa maua na nyuki. Koliasi, ambayo kila mmoja alitarajia iwe imeungua, ilikuwa imenona ajabu, isipokuwa majani yake yote yalilalia upande mmoja. Mwalimu Naomi aliizunguka. Akatazama upepo unakotoka, akaitazama tena. Majani yalikuwa yamelala kuelekea baharini, na upepo ulikuwa ukitoka baharini.

Bi Shukri alisema wakati umekwenda, twendeni Buxton.

Walipofika, Zilpah alikuwa ameandaa chai na mahamri. Nicanor alikuwa amesimama kando ya tuta na shati la kanisani, mikono nyuma. Mbele yake palikuwa na krotoni, iksora, koliasi iliyochujuka rangi, lantana iliyohitaji kurukwa, na shimo.

Mwalimu Naomi aliuliza fuksia iko wapi.

Nicanor alitazama shimo kama mtu anayeliona mara ya kwanza. Angeweza kusema imekufa, na kila mtu angeamini.

"Iko kazini," akasema.

"Nani yuko kazini?"

"Fuksia. Imezuiliwa langoni. Haina karatasi."

Kisha akaeleza, kwa ile sauti ndogo ya nyumbani: kiyoyozi, kabati, mfuko wa chakula, Ngumbao. Akasema anajiuzulu usimamizi, na kwamba wakitaka watafute mtu mwaminifu.

Bi Shukri ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, buibui likamteremka mabegani, na Zilpah akampa maji. Alipoweza kusema, alimwambia, "Babu wee, wajiuzulu nini? Mie koliasi yangu kila adhuhuri yashuka chini sebuleni, yakaa mbele ya panka pamoja na mie. Twalala wote." Na akaongeza kwamba hata maji anayoipa ni ya kuoshea mchele, kwa sababu yale mengine haiyapendi.

Mwalimu Naomi aliketi. Inasemekana alikula mahamri matatu kwanza. Kisha akatoa uamuzi wake pale pale: fuksia inafaa Mama Ngina endapo chama kitaweka kiyoyozi barabarani, na koliasi inafaa endapo kila mche utapewa panka yake. Vinginevyo, ipandwe krotoni kwa nyuma na lantana kwa mbele. Aliyeitaka lantana tangu mwanzo, mzee mmoja mpole ambaye hakuwa amezungumza tangu siku walipoiita gugu, alitoka nje kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu.

Jumatatu mtu wa kilimo alikuja, akageuza majani mawili matatu, akacheka, akauachilia mmea. Nicanor alipokwenda kuuchukua, aliukuta kwenye dirisha la kibanda cha askari, ambako upepo wa gati hupita, na lile tumba lilikuwa limefunguka. Ngumbao alikuwa ameunywesha maji yake ya kunywa. Madereva wa malori waliokuwa wakingoja walikuwa wameushuhudia ukifunguka na kila mmoja alikuwa na maoni. Ngumbao aliomba, kama mzee hatojali, amkatie kijiti kimoja cha kupanda. Nicanor alimkatia viwili, akamwandikisha sahihi kwa kila kimoja.

Kutoka hapo hadi Buxton alitembea kwa miguu, jua la saa saba, mwavuli wa Zilpah ukiwa juu ya kopo na yeye mwenyewe nje ya mwavuli. Fuksia ilidondosha ua lake njiani. Alipofika, Zilpah aliichukua bila kuuliza, akaiweka nyuma ya nyumba chini ya tangi la maji linalovuja, ambako hapati jua mtu yeyote. Iliishi. Ilikuwa ndogo na haikujipamba sana, lakini kila mwaka mwezi wa Julai ilitoa maua mawili, matatu.

Kule Mama Ngina safu zilipandwa Septemba. Nicanor alisimamia uchimbaji, na wauza mihogo wanaikumbuka siku ile kwa sababu walimsikia akiwaambia wachimbaji wainue migongo, na wao wote wakainuka. Lantana ilishika, ikachanua, wala haikumhitaji mtu. Nicanor alikuwa akipita Jumapili na mkewe, anaitazama, anakubali kwamba ni nzuri, anaendelea na safari.

Mwaka uliofuata kulikuwa na majaribio mengine, ya vinka, yale maua madogo ya waridi na meupe, na bogenvilia fupi. Wanachama walisema Nicanor asipewe kupanda tena, apewe kuhukumu, kwani kuhukumu ndiko alikokuzoea. Akapita kwenye matuta kwa utaratibu, akipiga magoti mbele ya kila mche licha ya magoti yenyewe, na mwisho akatoa alama za juu kuliko zote kwa vinka moja iliyokuwa na majani manne, ya njano, imeegemea kijiti. Mwalimu Naomi alimwita pembeni, akamwuliza ameona nini pale.

"Zile nyingine ziko sawa tu, Mwalimu," Nicanor akasema. "Hii inajitahidi."